Bluu Ndani ya Beseni

Somo lenyewe lilifanikiwa. Ninalitaja hili mwanzoni kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na kufanikiwa kwake. Laiti wanafunzi wangesinzia asubuhi ile, kama wanavyosinzia nikifundisha mambo mengine, pengine nisingekuwa na la kuandika.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi mojawapo ya kata ya Bugwema, na mada ya wiki ilikuwa usafi wa mikono. Vijidudu ni mada ngumu. Mtoto unamwambia kuna viumbe kwenye kiganja chake, anakitazama, havioni, anakutazama wewe, na kwa adabu anaitikia ndiyo mwalimu. Nikaamua safari hii wavione. Nilisaga chaki za bluu zikawa unga, nikauchanganya na mafuta kidogo ya kupikia, nikajipaka viganjani. Nikampa mkono mwanafunzi wa dawati la mbele, naye akampa jirani yake, jirani akampa wa nyuma yake, na bluu ikasafiri darasani huku watoto wakicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani. Kisha nikaweka beseni la maji mbele, nikawaambia wanawe mmoja baada ya mwingine, kama wanavyonawa nyumbani.

Wa mwisho nilimchagua kwa makusudi. Alikuwa msichana mwembamba aliyekaa dawati la nyuma karibu na mlango, ambako bluu haikufika. Nilimwambia awaonyeshe wenzake mikono yake kabla ya kunawa, akainyoosha kama anavyoinyoosha kila Jumatatu kwenye ukaguzi, viganja juu. Shuleni kwetu ukaguzi una desturi yake: mtoto ananyoosha mikono, mwalimu anaitazama, anasema "safi", na hapo ndipo mtoto anaishusha. Nikasema safi. Akaitumbukiza kwenye beseni, akasugua, akaitoa. Bluu ilikuwa imemshika mpaka kwenye mistari ya viganja.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, mi nilikuwa sina."

"Kweli hukuwa nayo. Umeitoa wapi?"

"Kwenye maji."

"Na kwenye maji imefikaje?"

Akageuka kuwatazama wenzake, mmoja mmoja. "Imetoka kwao."

Nimefundisha kwa miaka mingi, na ni mara chache nimesikia somo likihitimishwa vizuri namna ile kwa neno la mtoto. Nilitoka darasani nimejaa fahari. Kengele ilipolia alinifuata mpaka kwenye ngazi ya ofisi, bado akijifuta mikono kwenye sketi.

"Ndo maana tumbo langu linaumaga?"

"Inawezekana," nilimjibu.

Sijui ningemjibu nini kingine. Ilikuwa kweli kwamba inawezekana. Alikuwa akikosa shule mara kwa mara kwa sababu ya tumbo, na kila aliporudi macho yalikuwa yameingia ndani kidogo zaidi. Aliitikia kwa kichwa kwa utulivu, kama mtu mzima aliyepewa majibu ya vipimo vyake, akaenda zake.

Ninalijua beseni la nyumbani kwake kwa sababu nimekulia kwenye beseni la namna hiyohiyo, Butiama, kwenye kaya za wakulima zisizo mbali na kitongoji cha Mwitongo. Zipo nyumba nyingi mkoani Mara ambamo mtu humiminiwa maji ya jagi na yaliyokwisha kutumika yakaanguka chini. Kwetu haikuwa hivyo, na kwa kina msichana huyu haikuwa hivyo. Maji yaliwekwa ndani ya beseni moja, na beseni likazunguka. Kama yupo mgeni, alianza yeye. Kisha baba mwenye nyumba, kisha wanaume kwa umri wao, kisha mama, kisha watoto, na mwisho kabisa msichana aliyelibeba beseni lenyewe. Maji hayakumwagwa katikati. Kuyamwaga baada ya fulani kunawa na kabla ya fulani hajanawa ilikuwa ni kutangaza kwamba hapa wapo watu, na hapa wapo wengine. Kisima kilikuwa mbali, ndiyo, lakini hata masika, mapipa yakiwa yamejaa chini ya michirizi ya bati, beseni lilibaki moja.

Nililibeba beseni hilo utoto wangu wote. Nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa kwa kuhara kabla hajajua kutembea. Nyumbani kifo chake kilipewa sababu nyingine, nami niliiamini mpaka nilipofika chuo kikuu. Elimu haikunipa jibu juu yake. Ilinipa swali ambalo siwezi kumuuliza mama yangu, ambaye bado yu hai na bado ananawa kwenye beseni. Nikienda kumsalimia, mimi ndiye mgeni. Ninanawa wa kwanza. Maji yanakuwa meupe kabisa.

Msichana yule aliishi na babu na bibi yake. Haikupita wiki mbili bibi akatokea shuleni amejifunga kanga mbili, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka nilipotoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo mwalimu wa bluu?"

"Wa bluu?"

"Wa bluu. Huyu mjukuu wangu siku hizi akibeba beseni hatunawi, tunakaguliwa. Juzi mzee ametoa mikono kwenye maji, mtoto anachungulia, anasema, 'Babu, umeacha bluu.' Mzee anamuuliza, bluu gani? Anamwambia, 'Haionekanagi, lakini ipo.' Sasa mwalimu, nieleze na mimi nielewe. Kitu hakionekani halafu kina rangi?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Alicheka na yeye, akipiga paja, kisha akaacha ghafla.

"Wewe cheka tu. Kule mashine ya kusaga wameshampa mzee jina. Akipita, vijana wanaficha mikono nyuma. 'Mzee Bluu, leo usinipe mkono, nimevaa shati jeupe!' Mtu mzima yule. Na mtoto hanawi. Likimfikia beseni analiweka chini, anakaa. Tunakula, anatutazama."

"Anakula saa ngapi?"

"Akinawa atakula," alisema bibi, akainuka kujifunga kanga yake upya. "Mwenye nyumba ndo kasema hivyo. Mimi nifanyeje?"

Nilidhani nimelielewa tatizo, na kwamba ni tatizo la chombo. Jumamosi nilipokwenda nyumbani kwangu Musoma mjini nilitafuta dumu zuri la lita tano, nikalitoboa, nikanunua kamba na kipande cha sabuni, na Jumatatu jioni nilikwenda kwa mzee kumfungia kibuyu chirizi kama vile tulivyonavyo shuleni: dumu linaning'inia kwenye mti, unakanyaga kijiti chini, linainama, maji yanachirizika kidogo kidogo. Maji yanayotumika ni machache kuliko ya beseni. Hoja hiyo niliibeba njia nzima kama mtu aliyebeba zawadi.

Mzee alinipokea vizuri. Alikaa kwenye kiti chake nje ya zizi akanitazama nikifunga kamba.

"Nasikia umetuletea bomba."

"Siyo bomba, mzee. Unakanyaga hapa, unanawa, huhitaji kushika chochote."

"Nikanyage kijiti ndo nile ugali?" Aliwageukia wajukuu waliokuwa wamejipanga kutazama. "Mguu wangu huu, mwalimu, ng'ombe wameshaukanyaga vya kutosha. Sasa na mimi zamu yangu imefika ya kukanyaga?"

Watoto walicheka. Msichana wangu alikuwa miongoni mwao, na yeye alicheka, na kwa dakika hiyo nilifikiri mambo yamekwisha. Kisha mzee akawafukuza wakachote maji, akangoja mpaka wamefika mbali.

"Unajua, mwalimu, mimi sikuzaliwa mzee. Nilikuwaga wa mwisho. Baba, baba wadogo, kaka zangu, wote wananawa, mimi nimeshika beseni. Maji yakinifikia yalikuwa kama uji. Nikanawa. Nikangoja. Wamekufa mmoja mmoja, nikawa wa nne, wa tatu. Kuwa wa kwanza ni juzi tu." Alinyoosha mikono yake akaitazama, mikono mikavu yenye makovu ya kamba. "Sasa nimefika wa kwanza, ndo maji yamekuwa machafu?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Nilisema kitu juu ya kuhara na kipindupindu. Aliniitikia kwa kichwa, kwa adabu ileile ya wanafunzi wangu wasioona kitu kwenye viganja vyao.

Dumu lilikaa mtini siku chache. Halafu nikaliona kisimani, mdomo umezibwa kwa gunzi, likitumika kuchotea. Lilikuwa dumu zuri, na hakuna anayeacha dumu zuri likining'inia.

Msichana alibuni njia yake mwenyewe. Alikuwa akichota kopo la maji zaidi na kulificha nyuma ya jiko, na beseni lilipomfikia, alitoka nje kimya akanawia maji ya kopo, akarudi akala. Aliniambia haya mwenyewe, wakati wa mapumziko, kwa fahari ya mwanafunzi aliyetatua hesabu ngumu. Sikumkataza. Nilimsifu. Akala siku kadhaa, mpaka babu yake alipotoka kutazama ng'ombe akamkuta nyuma ya jiko na kopo.

Beseni lililokataliwa lilikuwa utundu wa mtoto, na utundu mzee angeuvumilia. Kopo lilikuwa kitu kingine. Bibi alikuja tena shuleni, safari hii hakukaa kwenye benchi.

"Mzee amesema mtoto mwenye maji yake ndani ya nyumba yake, akatafute na nyumba yake. Shule ikifungwa anampeleka Bunda kwa mama yake."

"Na mama yake ana nafasi?"

Bibi alikaza fundo la kanga. "Angekuwa nayo," alisema, "angekuwa amemwacha kwetu?"

Nilikwenda Bunda Jumamosi iliyofuata. Mama wa mtoto anauza chakula karibu na stendi, chini ya turubai, na nilimpata anasuuza sahani. Alikuwa na mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, na la kusuuzia lilikuwa limeshakuwa rangi ya mchuzi. Niliona. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikaagiza chai.

"Mwanangu kafanyaje, mwalimu?"

"Hajafanya kosa."

"Mwalimu atoke Bugwema mpaka hapa kwa mtoto ambaye hana kosa?" Alifuta mikono kwenye kanga. "Niambie tu. Kaiba?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye "babu, umeacha bluu" alifunika mdomo akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika, na nikaona jinsi mtoto alivyofanana naye. Lakini nilipofika kwenye neno la mzee alikaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa, na wateja wawili wakamwita akawa hasikii.

"Hawezi kuja hapa."

"Hata kwa muda?"

"Mwalimu, chumba siyo changu. Huyu baba niliye naye aliniambia mapema, mlango wake unaingiza mtu mmoja. Nilikubali. Nilikuwa nalala huku chini ya turubai, ulitaka nikatae?" Alizungumza bila hasira, kama anayenieleza bei ya wali. "Akija, tunatoka wote wawili. Na shule ataisomea wapi?"

Nyumba yangu Musoma ina watoto wangu na wa marehemu dada yangu, na wiki nzima sipo. Hilo la kumchukua nililiwaza pale pale na kulikataa pale pale, na mwanamke yule, ambaye hakuniomba, alionekana kunisamehe kabla sijasema.

"Mwambie anawe," alisema. "Wewe anakusikiaga. Mimi nikimwambia ataona ninasema hivyo ili asije. Wewe mwambie anawe nao, basi."

"Na tumbo lake?"

Wateja walimwita tena. Alisimama, akaokota sahani mbili kutoka kwenye beseni la kusuuzia, akazikung'uta. "Tumbo litauma akiwa kwao," alisema.

Wiki iliyofuata nilijaribu kumwambia. Nilimbakiza baada ya vipindi, tukakaa kwenye dawati lake la nyuma. Nilimwambia kwamba wapo wanaonawa kwenye beseni maisha yao yote wakawa wazee. Nilimwambia anaweza kunawa vizuri kwa sabuni kabla ya kubeba beseni, ili angalau... Aliningoja nimalizie sentensi.

"Mwalimu, uliuliza imetoka wapi," alinikumbusha taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa kuhudhuria. "Nikasema imetoka kwao. Ukasema vizuri sana."

Nikamwambia aende nyumbani.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa mzee kumwomba mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno: kwamba mtoto ni mdogo, kwamba kosa, kama lipo, ni la somo, kwamba Bunda hakuna mahali. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na alipozungumza hakuwa mkali.

"Mimi simfukuzi, mwalimu. Aliyekataa maji ya nyumba ni nani? Leo umekuja, utakula na sisi. Akinawa, ni mjukuu wangu. Neno hili halitazungumzwa tena, hata huko mashineni nitawaambia limekwisha."

Chakula kikaletwa. Ulikuwa ugali wa udaga, unga wa muhogo, na samaki wa kuchemsha, sato mkubwa aliyenunuliwa kwa sababu yangu, na nyumba nzima ilikaa sebuleni, wazee kwenye viti na watoto kwenye mkeka karibu na mlango. Msichana aliingia na beseni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akapiga magoti mbele yangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mgeni, na maji yalikuwa meupe, niliweza kuona ua jekundu lililochorwa chini ya beseni.

Ningeweza kusema nitanawa mwisho. Nililiwaza, na ninajua wote waliokuwamo walijua nililiwaza, maana mazungumzo yalikatika. Mgeni anayekataa kuanza angekuwa ameivunja heshima ya nyumba ile kuliko kopo lilivyoivunja, na gharama yake isingekuwa yangu. Mimi ningerudi kwenye nyumba ya walimu. Nikaingiza mikono. Nilinawa haraka, nikisugua kidogo iwezekanavyo, kana kwamba ningeweza kuwaachia maji safi.

Akasogea kwa babu. Mzee alinawa polepole, kucha kwa kucha. Akasogea kwa mjomba wake aliyetoka shamba, akasogea kwa bibi, akashuka kwenye mkeka kwa wadogo zake, ambao mmoja alikuwa amechezea udongo. Ua lilififia, likawa kivuli, kisha sikuliona tena. Akaliweka beseni sakafuni mbele yake, akapiga magoti.

Hakuna aliyemhimiza. Bibi alikuwa akitazama mlangoni. Msichana aliyatazama maji, kisha akainua macho akanitazama mimi, si kwa kunilaumu, bali kama anavyonitazama darasani anapongoja kujua jibu ni lipi. Sikumpa ishara yoyote. Nilikuwa nimeishikilia mikono yangu iliyolowa juu ya magoti, ikidondosha matone.

Akaingiza mikono. Alinawa kama nilivyomfundisha: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba cha kushoto, kidole gumba cha kulia, kucha. Hakuruka hatua. Mjomba alicheka kidogo akisema, "Huyu atakuwa daktari," na mtu mmoja akaitikia, na sebule ikaanza kupumua. Lakini alipotoa mikono hakugusa chakula. Aliinyoosha mbele yake, viganja juu, akiwa bado amepiga magoti kule kwenye mkeka, akaielekeza kwangu.

Wenzake hawakuelewa. Mzee, nadhani, alielewa, kwa sababu aliacha kumega ugali. Mikono ile midogo ilibaki hewani, maji ya rangi ya vumbi yakishuka kwenye viwiko na kuingia kwenye mikono ya gauni, na niliona kwamba hataishusha mpaka mwalimu aseme.

"Safi," nilisema.

Akaishusha, akajisogeza kwenye sinia, akala. Alikuwa na njaa. Wadogo zake walimsukuma wakamwambia asimalize mboga, na babu yake aliokota kipande cha sato chenye nyama, upande usio na miiba, akamnyooshea.

Hakupelekwa Bunda. Yuko darasa la nne sasa, na tumbo bado linamsumbua. Wiki iliyopita alikosa siku mbili. Mada ya usafi wa mikono imerudi, maana iko kwenye muhtasari, na darasa la tatu wa mwaka huu wamesikia habari za chaki na wananiuliza bluu itakuja lini. Chaki ninazo, ziko kwenye droo. Jumatatu ninasimama mbele ya mstari wa ukaguzi, na anapofika yeye ananyoosha mikono, nami ninaitazama kwa muda mrefu kuliko ya wengine, na neno linatoka.